Shangazi, bosi anataka nimsindikize sendofu kama mchumba wake

Shangazi shikamoo,

Nina miaka 26, ni karani wa nyaraka kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja na anayesaini ni bosi wangu, kijana wa miaka 34, kampuni ni ya baba yake. Hajaoa. Ni mtu wa heshima, hajawahi kunigusa wala kunitolea neno baya. Wiki iliyopita, saa nne usiku, alinitumia ujumbe WhatsApp: binamu yake ana sendofu mwisho wa mwezi, mama yake anamsumbua aoe, je, naweza kwenda naye kama mchumba wake, "usiku mmoja tu, mama apumue". Nguo na saluni atalipa yeye.

Ninayeishi naye chumba kimoja aliposoma alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sisi wawili tumeimaliza Business Proposal mara mbili, ile tamthilia ya Kikorea ya Ha-ri na bosi wake Kang Tae-moo, na yeye anasema sasa zamu yangu imefika. Dada yangu mkubwa aliangalia sehemu tatu akaacha. Anasema ni hadithi ya kuwalevya wasichana maskini, na bosi wangu anataka kunitumia tu. Kuna kaka wa ofisini tunabadilishana tamthilia kwenye flashi (sikumwambia mambo yangu), yeye anashikilia kwamba Ha-ri na Tae-moo ni kelele tu, penzi la kweli mle ni la yule katibu mwenye miwani na rafiki yake Ha-ri.

Nasikia na wewe ni mpenzi wa Wakorea. Nani kati yao ameielewa? Na huyu bosi nimjibu nini? Siwezi kusema simpendi kabisa.

Ni mimi, Geum-hee wa Mbezi

*

Marahaba mwanangu Geum-hee.

Umenichekesha kwa hilo jina. Wenzangu ambao hamjaiona, mtuvumilie kidogo: tamthilia hii ni ya mwaka 2022, ilirushwa na kituo cha SBS cha Korea Kusini, ina sehemu 12. Shin Ha-ri, mtafiti wa vyakula kwenye kampuni kubwa, anaombwa na rafiki yake Young-seo aende badala yake kukutana na mwanamume aliyechaguliwa na baba. Kazi yake ni moja, kumkera huyo mwanamume mpaka amkatae. Anafika pale amejiremba kupita kiasi, anaongea mambo ya aibu, anajifanya ndiye Young-seo (Geum-hee ni jina la uongo analojipa baadaye), kisha anagundua kwamba aliyekaa mbele yake ndiye mkurugenzi wa kampuni anayofanyia kazi. Na mkurugenzi, aliyechoshwa na babu yake kumtafutia wanawake, ameshaamua kwamba ataoa yeyote atakayekutana naye siku hiyo.

Nimeitazama, ndiyo, na nilicheka peke yangu sebuleni mpaka wajukuu wakaja kuchungulia. Basi nitasema ninavyoiona, halafu tutamrudia bosi wako.

Dada yako aliondoka mapema mno. Hadithi ya tajiri na maskini ipo, hilo hakosei, lakini Ha-ri si maskini wa kuokotwa. Wazazi wake wana mgahawa wa kuku wa kukaanga, yeye mwenyewe ana taaluma yake. Tena tamthilia inajijua na inajicheka. Babu wa Tae-moo, mwenyekiti wa kampuni nzima, ni mraibu wa tamthilia ya kubuni ya kwenye televisheni yake, na shujaa wa hiyo tamthilia anaitwa jina hilo hilo uliloliweka chini ya barua yako. Kila kituko tulichokiona kwenye season nyingine za Kikorea kimewekwa pale makusudi, kwa kukonyeza jicho. Ndiyo maana watu wengi waliosema "hakuna jipya humu" walikesha mpaka sehemu ya mwisho. Huko kwao ilianza na watazamaji chini ya asilimia 5, ikamaliza juu ya asilimia 11. Na mapenzi ya mashabiki wake si ya mchezo: Waindonesia walipoitolea filamu yao mwaka 2025, watu waliisusia baada ya mwigizaji mkuu kusema kwamba yeye hata hakuimaliza tamthilia yenyewe. Mwambie dada yako ana bahati hakuyasema hayo Jakarta.

Mimi lawama yangu iko kwingine, kwenye sehemu mbili za mwisho. Babu anaugua, wanaondoka kwenda Marekani kwa matibabu, mwaka mzima unarukwa kama ukurasa ulionatana. Na kabla ya hapo, uhusiano ulipojulikana ofisini, watu wanamnong'ona Ha-ri, wanamtazama vingine. Hapo nilikaa vizuri kwenye kiti, nikasema sasa tutaona. Wapi! Wakapita haraka wakarudi kwenye mahaba. Wewe hapo ndipo ungepaswa kupatazama mara mbili badala ya lile busu la mlangoni.

Kaka wa ofisini namwunga mkono kuliko anavyodhani. Katibu Cha Sung-hoon na Jin Young-seo wamependwa na watazamaji wengi kupita hata wahusika wakuu, na si kwa sababu ya namna Kim Min-kyu, anayemwigiza katibu, anavyoivua ile miwani (ingawa, mwanangu, anaivua). Pale mwenye fedha ni mwanamke. Mwanamume ni yatima aliyesomeshwa na familia ya bosi wake. Lakini hakuna kati yao anayemwajiri mwenzake. Young-seo akimpenda anamwambia, akikasirika anafunga mlango, na kesho yake kila mmoja anakwenda kazini kwake. Wanagombana kama watu wawili. Sijui kama kaka huyo alilifikiria hili au aliona tu kwamba wanapendeza, ila jicho lake halikumdanganya.

Sasa mwenzako wa chumbani. Yeye ndiye mwenye hatari, kwa sababu ameona kitu cha kweli. Ni kweli ombi la bosi wako linafanana na la Tae-moo: mzee wa familia anasumbua, mwanamume anataka mchumba wa kuazima. Lakini amesahau jambo moja ambalo tamthilia nzima imesimama juu yake. Tae-moo anapomwomba Geum-hee aigize mchumba wake, hajui kwamba ni mfanyakazi wake. Anayeficha ni mwanamke. Yeye ndiye anayemjua bosi, bosi hamjui yeye, na mbio zote za kujificha nyuma ya milango ya ofisi zinatuchekesha kwa sababu mdogo ndiye anayemzungusha mkubwa. Wa kwako anajua jina lako, anajua mshahara wako, anajua mkataba wako unaisha lini, na amekuandikia saa nne usiku. Hapo anayezungushwa ni nani?

Halafu kuna lile ambalo hakuna kati yao watatu aliyelitaja. Sisi tunamwamini Tae-moo kwa sababu tunakwenda naye nyumbani. Ahn Hyo-seop, anayemwigiza, anapokaa peke yake akitabasamia simu, tunamwona. Anapoishiwa nguvu kwa sababu ya mvua, iliyomkumbusha ajali ya wazazi wake, tupo naye chumbani. Ha-ri mwanzoni hajui lolote kati ya hayo. Anaona mtu mgumu anayetoa amri. Tunamwambia "mpende huyo" kwa sababu tumeshapekua moyo wake. Kwa bosi wako huna kamera hiyo, wala mwenzako wa chumbani hana, wala mimi. Akifunga mlango wa gari lake jioni, hujui kama anatabasamia simu au anawaonyesha rafiki zake ujumbe wako. Huenda ni kijana mwema aliyechoshwa na mama yake, wako wengi. Simhukumu. Ila wewe unatakiwa uamue kwa yale anayoyafanya mbele yako, na mpaka sasa alilofanya ni kumwomba mtu ambaye ugali wake uko mikononi mwake amsaidie kumdanganya mama.

Na hiyo "usiku mmoja tu" imeandikwa na mtu asiyeandaa sendofu. Unazijua za kwetu. Ukiingia ukumbini umeshikwa mkono na mtoto wa familia, hujaja kula, umetambulishwa. Shangazi zake watakupima kuanzia viatu. Emsii akinusa habari atakuita mbele ucheze na mama mkwe, video itaingia kwenye kundi la ukoo kabla keki haijakatwa, na kwa kuwa kampuni ni ya baba, Jumatatu dereva na mlinzi wa getini watakuita shemeji. Mama mtu akikupenda, uongo utaendelea Pasaka, utaendelea Krismasi. Asipokupenda, umekataliwa na familia ambayo hata hukuiomba, na kazini unabaki. Ha-ri alikuwa na waandishi wa kumtoa kwenye balaa. Wewe una mwezi wa mkataba kuisha.

Kwa hiyo usiende. Mjibu mchana, saa za kazi, kwa maandishi, bila kuzunguka na bila kumkosea adabu. Kwa mfano: "Habari za kazi bosi. Nashukuru kwa kunifikiria. Sitaweza kwenda kwenye sendofu kama mchumba wako, kwa sababu nafanya kazi chini yako na sipendi kumdanganya mama. Nawatakia sherehe njema." Ishia hapo. Usiongeze kwamba unaumwa, usiseme una msiba Morogoro, maana ukimpa sababu ya uongo atakutafutia tarehe nyingine. Wala usiweke zile alama za kucheka mwishoni. Najua mkono utakuwasha.

Kisha tulia umwangalie anavyolipokea, maana hapo ndipo utakapomjua kuliko sehemu 12 zozote. Akisema samahani, sikufikiria, na kesho akakusalimia kama kawaida, kazi zako zikabaki zile zile, huyo ni mtu. Akinuna, akaanza kukupa faili za watu wengine, au akataja mkataba katika sentensi moja na sendofu, hapo tumetoka kwenye mahaba kabisa. Tunza ujumbe wote, usifute hata ule wa kwanza. Mtu mwenye mamlaka akidai mambo ya kimwili ili akupe haki yako ya kazi, hiyo ni rushwa ya ngono, ipo kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea taarifa zake. Sisemi amefika huko. Nasema ujue njia ilipo kabla hujaihitaji.

Ulimalizia kwamba huwezi kusema humpendi kabisa, ukaiweka mwishoni kama mtu anayesahau mwavuli mlangoni kwa watu ili apate sababu ya kurudi. Nimekusikia. Kumpenda bosi si kosa, watu wameoana kwa njia hiyo na wana watoto shuleni. Lakini kama na yeye ana lake moyoni, basi aje kwa jina lake. Akwambie anakupenda mchana, akiwa hana sherehe ya kujaza kiti. Na kabla hujamjibu ndiyo, mwombe jambo moja: mkataba wako usisainiwe na yeye tena, asaini baba yake au meneja mwingine, na anayekupa kazi za kila siku awe mtu mwingine. Kwenye kampuni ya familia hilo linawezekana kwa barua moja. Mwanamume anayekutaka kweli atahangaika kulifanya. Anayekwambia "kwani huniamini?" amekujibu.

Wakati huohuo omba kazi kwingine, hata kama yote yataisha vizuri. Karani anayejua nyaraka za forodha hakosi mlango mjini humu, na ukiwa na barua ya kazi nyingine mkononi utashangaa jinsi unavyoweza kuyaona macho ya bosi bila kuona saini yake.

Mwenzako wa chumbani usigombane naye. Amekufurahia, basi. Ila usimwonyeshe majibu ya bosi yakija, ataanza kuyasoma kwa sauti ya Tae-moo. Na kama mnatafuta ya kutazama wikendi, tafuteni ile ya mwaka 2018 ya Park Seo-joon na Park Min-young, What's Wrong with Secretary Kim. Nayo ni ya bosi na mfanyakazi wake, lakini inaanza kwa mwanamke kumwambia bosi kwamba anaacha kazi. Mjibu wako kwanza, ndipo muiwashe.