Wanafunzi wanaojua maneno lakini hawaielewi sentensi

Mwalimu, umeuliza kutoka Newala kwa nini wanafunzi wako wa kidato cha kwanza hujua kila neno katika sentensi ndefu, ilhali maana yake huwaponyoka. Msomaji hasubiri nukta ndipo aelewe. Huunga muundo neno kwa neno, na akikosea hulazimika kuuvunja na kuanza upya. Mwaka 1982 watafiti Lyn Frazier na Keith Rayner walifuatilia macho ya wasomaji wa Kiingereza, wakaona hukawia au kurudi nyuma penye neno linalokanusha tafsiri ya awali. Chukua "Mkulima aliyemlipa mnunuzi ameondoka ghalani": kwa sarufi, mlipaji aweza kuwa yeyote kati ya wawili hao, ingawa mtoto aliyekulia kwenye eneo la korosho kama Newala anajua kuwa mnunuzi ndiye hulipa, na ujuzi huo humsaidia kuchagua. Waulize basi nani alitenda na nani alitendewa, kisha waiandike upya: "Mkulima aliyelipwa na mnunuzi". Kukariri msamiati, kwa maoni yangu, hakutasaidia hapa. Sentensi zenye kishazi rejeshi (kipande chenye kitenzi kinachoeleza nomino, kama "aliyemlipa mnunuzi") kilichopachikwa ndani ya kingine ziahirishe kwanza, kwa kuwa huilazimisha kumbukumbu kushikilia nomino kadhaa zinazosubiri vitenzi vyake.