Using'oe injini kabla hujaipima

Corolla 110 yangu ni ya mwaka 1998, injini ya 5A, cc 1498. Enzi zile daraja la Kigongo–Busisi bado linajengwa, nikiwa kwenye foleni ya kivuko naelekea Sengerema, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho. Nikasubiri ipoe, nikaongeza maji, nikavuka. Tangu siku hiyo ikaanza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili, lita nzima kila wiki mbili.

Fundi wa kwanza, pale Nyakato, Mwanza, hata boneti hakufungua. "Bosi, hiyo imekufa. Tuagize ya mtumba Dar, 1,400,000 pamoja na kufunga." Nikaanza kutafuta wa kunikopesha.

Bahati nzuri nikapelekwa kwa mzee mmoja wa Igogo. Alichomoa plagi zote, akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda tatu zilisoma 170 na ushee, ya nne 110. Akamimina oili kidogo kwenye tundu la plagi ya ile dhaifu, akapima tena: 150. "Ringi hizo, mwanangu." Oili iliziba upenyo wa ringi za pistoni, ndiyo maana kipimo kilipanda. Kingebaki palepale, tungetafuta kwenye valvu au gasketi ya hedi. Nusu saa tu, na nilikuwa karibu kutupa injini nzima.

Tulipoifungua, kuta za silinda hazikuwa na mkwaruzo wa kunasa kucha, na krankishafti ilikuwa nzima. Hedi ilikuwa imepinda kidogo, ikaenda kusawazishwa. Ringi, beringi, gasketi na ufundi vilifika 680,000. Kilichonitisha ni rejeta: kutu tupu. Miaka yote nilikuwa naijaza maji ya bomba, feni ilikuwa haiwaki, na themostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, ilishang'olewa zamani (mafundi wetu wana ugonjwa huo, gari likichemka tu wanaitoa). Ningefunga injini nyingine juu ya rejeta ile, nayo ingechemka kabla sijamaliza deni.

Tena injini ya mtumba ni mbuzi kwenye gunia. Imeoshwa inang'aa, lakini nani anajua ilikochemkia? Bloku ikipasuka, au konrodi ikitoboa ubavu wake, sina ubishi, badilisha. Ila ipimwe kompresheni kabla hujalipa, na iwe ya aina ileile ili maunti (vishikizo vya injini), waya na giaboksi vikae bila kuchomelea.

Dai risiti pia. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, ikibadilika TRA wajue. Jirani yangu alipuuza; mnunuzi alipolinganisha namba na kadi, akarudisha hela zake mfukoni akaondoka.

Siku hizi naweka kulanti, dawa ya rejeta, badala ya maji ya bomba, na kila Jumapili nachomoa kijiti cha oili. Juzi nimevuka darajani kwenda Sengerema na watu wanne ndani, mchana wa jua kali. Mshale ulikaa katikati, kwenda na kurudi.