Kwa muuguzi anayeitwa kwenda Uingereza: mwenye upungufu ndiye anayelipa

Kama wewe ni muuguzi wa Kenya na umeanza kuiota Uingereza, anza na jambo moja: wao ndio wenye shida. Hospitali za NHS, shirika la afya ya umma la Uingereza, zimeegemea mikono ya wageni tangu shirika hilo lianzishwe mwaka 1948. Walitangulia watu wa Ayalandi na wa visiwa vya Karibi, wakaja Wafilipino na Wahindi, kisha Wanaijeria, Wazimbabwe na sisi. Mwajiri anayekuja kutafuta watu Nairobi anamtafuta mtu ambaye tayari amefunzwa kwa jasho la mzazi wake na kodi ya Mkenya, tena amesoma uuguzi wote kwa Kiingereza. Ujerumani nayo ina pengo kama hilo, na ilitia saini mkataba na Kenya Septemba 2024, lakini huko muuguzi hana budi kukaa na Kijerumani kwanza, na hilo ni jambo la miezi mingi na ada si haba. Mwingereza ameepushwa na gharama hiyo. Unamfikia ukiwa tayari.

Nimeanza hapo makusudi. Nimefanya kazi wodini kaskazini mwa Uingereza kwa miaka kadhaa, na siku hizi hukaa pia upande wa pili wa meza, kwenye jopo la kuwahoji wauguzi kutoka nje. Waliotapeliwa ninaowafahamu si wajinga hata kidogo. Walidhani wanaombewa fadhila, na anayeombewa fadhila haulizi maswali.

Basi uliza moja kwa kila hatua: nani analipa? Sheria ya Uingereza inamkataza wakala kumtoza mtafuta kazi kwa kumtafutia kazi. Mwajiri ndiye anayelipia cheti cha udhamini, ile CoS inayotajwa kila mahali, pamoja na tozo anayodaiwa na serikali kwa kuleta mfanyakazi wa nje, wala haruhusiwi kukurudishia wewe mzigo huo. Visa ya Health and Care, ile ya wahudumu wa afya, ina ada nafuu kuliko visa nyingine za kazi, na mwenye nayo amesamehewa tozo ya afya ambayo wahamiaji wengine hulipa pauni 1,035 kwa mwaka. Zako ni gharama za mitihani na karatasi: mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, pasipoti, cheti cha tabia njema, kipimo cha kifua kikuu ambacho Nairobi hufanywa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Hospitali nyingi hukurejeshea sehemu ya hizo ukishafika, na nyingi hulipa nauli ya ndege na malazi ya wiki za mwanzo. Mtu akikuambia CoS ni laki tano, au "ada ya kushika nafasi" itumwe kwa M-Pesa kabla ya Ijumaa, huyo anauza kitu ambacho mwenyewe halisi hutoa bure.

Kuhakiki hakuchukui hata dakika kumi. Serikali ya Uingereza ina orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini, iko wazi mtandaoni, unatafuta jina. NHS Employers, chombo cha waajiri wa NHS, wana orodha yao ya mawakala waliokubali kanuni za uajiri wa haki. Nyumbani Kenya, wakala lazima asajiliwe na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Jina likikosekana, usibishane na mtu, ondoka tu.

Wenzetu wa nchi jirani wana kikwazo kingine. Uingereza inafuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na katika orodha ya 2023 wamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Huko mwajiri haruhusiwi kwenda kuwasaka watu. Muuguzi wa Mwanza akiona tangazo mwenyewe na kuomba moja kwa moja, hakuna anayemzuia. Wakala anayefungua meza Mwanza kuwaandikisha wauguzi ndiye anayevunja kanuni. Kenya imewekwa kundi la kati: wanaoajiri hupitia mapatano ya serikali mbili yaliyotiwa saini Julai 2021. Ukweli wa kusikitisha ni kwamba mapatano hayo yalitangazwa kuwa ya wahudumu wa afya wasio na ajira, katika nchi ambayo vituo vyake vya afya vina nesi mmoja kwa foleni inayofika getini. Lakini hilo si kosa lako wewe, na usimkubalie mtu akubebeshe.

Sasa Kiingereza. Mwaka 2021 aliyekuwa waziri wa afya, Mutahi Kagwe, alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliopita. Nchi nzima ikacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, kwa sababu nawajua wauguzi hao: wanaandika ripoti za Kiingereza kila siku ya Mungu. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linataka alama 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza kwenye IELTS, mmoja wa mitihani ya Kiingereza linayoikubali, na 6.5 katika kuandika. Sehemu kubwa ya kuandika huko ni insha ya maneno yasiyopungua 250 kwa dakika 40, juu ya jambo kama usafiri wa umma au utalii. Muuguzi wa miaka kumi kazini mara ya mwisho kuandika insha alikuwa kidato cha nne. Hiyo ni mbinu, na mbinu hufundishika.

Kama una uwezo, fanya OET. Ni mtihani wa Kiingereza uliotungwa kwa watu wa afya, na NMC wanataka alama 350 katika sehemu tatu, 300 katika kuandika. Kwenye kuandika unapewa karatasi ya maelezo ya mgonjwa na kuambiwa umwandikie mtu barua, tuseme muuguzi wa jamii atakayempokea mama anayetoka hospitali. Una dakika tano za kusoma na 40 za kuandika, barua ya maneno 180 hadi 200. Karatasi ile imejaa kila kitu: dawa, mzio, upasuaji wa miaka ishirini iliyopita, kwamba anaishi peke yake ghorofani, kwamba binti yake yuko Kanada, kwamba hapendi chakula cha hospitali. Wakenya huanguka hapo kwa kunakili yote, kama vile mtahini atasema tumeficha kitu. Anachopima ni kama unajua huyu wa upande wa pili anahitaji nini kesho asubuhi. Kidonda kiko wapi na kibadilishwe bendeji lini, dawa gani imeongezwa, nani anashika ufunguo wa mlango. Upasuaji wa zamani usiohusika, uache. Andika barua kama hizo nyingi, uzipeleke kwa mtu atakayezikatakata bila huruma. Rafiki anayekuambia "iko sawa" hakusaidii.

Mtihani wa kompyuta, CBT, nitaupita haraka. Una sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi wenyewe, na kwa Mkenya aliyesoma si mgumu. Kinachochelewesha watu wengi ni uthibitisho kutoka Baraza la Wauguzi la Kenya, hasa jina la kwenye cheti likitofautiana na la kwenye pasipoti. Ulibadilisha jina ulipoolewa? Lishughulikie leo.

Usaili. Hapa ndipo napoona watu wazuri wakipotea mbele ya macho yangu. Swali la kawaida: mzee wa miaka 78, siku ya pili baada ya upasuaji wa nyonga, asubuhi alikuwa akizungumza vizuri, sasa amechanganyikiwa na anapumua mara 26 kwa dakika. Utafanya nini? Mtahiniwa anajibu, "Nitamwita daktari," kisha ananyamaza kwa heshima, akisubiri swali linalofuata. Jibu si baya, ila halijaanza. Jopo linataka kukusikia ukiwa kando ya kitanda: unamwinua akae, unatazama njia ya hewa, unapima oksijeni, presha, joto, sukari, unajumlisha alama za NEWS2, kipimo wanachotumia huku kujua mgonjwa amezidiwa kiasi gani. Kupumua mara 25 au zaidi ni alama 3, kuchanganyikiwa kwa ghafla ni 3 nyingine, kwa hiyo tayari una 6 kabla ya kupima kingine. Ndipo unamwita daktari ukiwa na namba mkononi, unasema unahofia nini, unaandika saa uliyoita. Halafu swali la mtego: na daktari asipokuja? Nyumbani tumefunzwa kutobishana na daktari. Huku muuguzi aliyekaa kimya kwa sababu ya adabu ndiye atakayeulizwa mbele ya baraza. Sema wazi kwamba utapiga tena, utamtafuta aliye juu yake, utaita timu ya dharura. Hakuna atakayekuona huna heshima.

Na ukikosa kusikia swali, omba lirudiwe. Sijawahi kumwona mtu akipunguziwa alama kwa hilo. Nimewaona wengi wakijibu vizuri sana swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ukipewa kazi, soma mkataba wote kabla ya shangwe za ukoo. Tafuta kifungu cha kurejesha gharama: ukiacha kazi mapema unadaiwa nini, na deni linapungua vipi kadiri miezi inavyokwenda. Kiasi kinachoeleweka, kinachoshuka hadi sifuri, ni cha kawaida. Kiasi kikubwa kisicho na maelezo, au kinachodumu miaka mitano, ni kamba. Kumbuka visa yako imefungwa kwa mwajiri huyo. Kuhama inawezekana, lakini ni lazima upate mdhamini mpya na visa isasishwe.

Kuhusu kazi za utunzaji wa wazee, nitasema kwa ukali kidogo. Uingereza ilifungua mlango huo Februari 2022, Machi 2024 ikawazuia watunzaji wapya kuja na mume, mke au watoto, na tarehe 22 Julai 2025 ikaufunga kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Katikati hapo kulitokea mambo ya aibu. Serikali ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, na waliodhaminiwa na waajiri hao walikuwa zaidi ya 39,000. Mdhamini akipoteza leseni, kwa kawaida unapewa siku 60 za kupata mwingine au kuondoka. Namfahamu dada mmoja wa kwetu aliyeuza shamba kulipia CoS, akafika akakuta kampuni ina wafanyakazi wengi kuliko wazee wa kuwatunza. Alipewa saa chache kwa wiki na kitanda katika chumba cha watu watano. Kwa hiyo mtu anayekuuzia leo nafasi ya "care" ukiwa Kisii au Kilifi, anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa.

Ukifika kuna OSCE, mtihani wa vitendo wenye vituo kumi, ada yake pauni 794 ambayo mara nyingi mwajiri hulipa safari ya kwanza. Wengi wetu hatuanguki kwa kutojua kazi. Tunaanguka kwa kuifanya kimya. Mtahini hasomi mawazo: ukinawa mikono, sema, ukikagua jina la mgonjwa, lisome kwa sauti, ukiitazama tarehe ya dawa, itamke. Jizoeze na mto na mwenzako chumbani, mpaka jirani alalamike.

Wodini, cha kuogopa ni simu. Lafudhi ya mzee wa Newcastle au Liverpool utaizoea kwa sababu unamwona uso na mikono. Simu ya maabara haina uso. Potasiamu 6.4 na 4.6 zinasikika karibu sawa saa tisa ya usiku, na mojawapo inaua. Andika unaposikia, kisha isome namba tarakimu kwa tarakimu, pamoja na jina la mgonjwa na tarehe ya kuzaliwa, hata kama aliye upande wa pili ana haraka. Kwenye kukabidhiana zamu, fanya hivyo hivyo. Jiunge na chama cha wafanyakazi mapema pia, RCN au UNISON, kabla hujapata kesi.

Pesa. Kwa mwaka wa 2025/26 muuguzi wa Band 5, daraja la mshahara analoanzia muuguzi aliyesajiliwa, alianza na pauni 31,049 kwa mwaka huko England, lakini mpaka upate namba yako ya usajili, wengi hulipwa daraja la chini ya hapo. Band 5 yenyewe, ikishakatwa kodi, bima ya taifa na pensheni, hubaki kama pauni 2,000 kwa mwezi. Chumba kimoja katika mji wa kaskazini hakikosi pauni 500, na mwenye nyumba atataka amana. Mshahara hulipwa mwisho wa mwezi. Ukiripoti baada ya orodha ya mishahara kufungwa, unasubiri mwezi mwingine. Hati ya kwanza ya mshahara mara nyingi huja na kodi ya dharura iliyozidi, ambayo hurudishwa ukipiga simu HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Kwa hiyo njoo na akiba ya wiki sita, na kabla ya kupanda ndege waite wa nyumbani, mama, kaka na wale wa chama, uwaambie kwamba miezi miwili ya mwanzo hakuna kitakachotumwa. Waambie uso kwa uso; kwa WhatsApp hawatakuamini.