Bomba kuu limepasuka: usikimbilie kufunga valvu

Wewe uliyeingia juzi kwenye kikosi cha dharura, ukifika na kukuta barabara imegeuka mto, utatamani kufunga maji yote papo hapo. Tulia. Kila mita 1 ya bomba la milimita 600 imebeba takriban kilo 280 za maji, na yote yanatembea. Ukiyasimamisha ghafla, yanapiga bomba kwa nguvu, na usishangae ukapata mpasuko wa pili mtaa wa mbele.

Valvu hufungwa polepole huku ukihesabu mizunguko. Valvu ya lango ya inchi 12 huchukua takriban mizunguko 38. Ikigoma kwenye wa 20, haijafunga, imekwama. Irudishe kidogo, maji yasukume uchafu, kisha endelea. Usiite wenzako wawili waning'inie kwenye ufunguo, maana shina la valvu likikatika mtalazimika kuzima maji mtaa mzima. Ikikaribia kufunga utasikia mluzi, na ufunguo utatetemeka mikononi. Hapo punguza mwendo zaidi. Na uliza mapema inafungwa upande gani, maana ziko zinazofungwa kinyume.

Jambo ambalo wageni wengi hawaliamini: usifunge kabisa kwanza. Acha presha kidogo, maji yaendelee kutoka. Maji yanayotoka huzuia tope lisiingie ndani ya bomba. Chimbeni mpaka chini ya bomba, pampu ishushe maji ya shimoni yawe chini ya ufa, ndipo mfunge moja kwa moja.

Kabla ya kuchimba, hakikisheni nyaya za umeme na mabomba ya gesi yamepita wapi. Shimo likizidi mita 1.5, usiingie bila mbao au vyuma vya kuzuia kuta zisiporomoke, hata msimamizi akifoka. Mita 1 ya ujazo ya udongo huzidi tani 1.5, na huo uliolowa hauanguki kwa taarifa. Lundo la udongo likae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni.

Pima kipenyo cha nje cha bomba kabla ya kuagiza klampu, yaani mkanda wa chuma wa kubana ufa. Mabomba ya chuma ya zamani na ya sasa huitwa kwa saizi moja lakini kipenyo cha nje hutofautiana. Ufa unaozunguka bomba, klampu inatosha. Ulioenda kwa urefu, kata kipande chote, upite mwisho wa ufa unaouona. Bomba likiwa la asbesto, usilikate kwa msumeno wa mashine bila maji.

Vifaa vyote vioshwe kwa mchanganyiko wa klorini wa asilimia 1. Kisha jaza maji taratibu, hewa itoke, na usifukie bado. Presha ikirudi kamili, papasa chini ya klampu kwa mkono, upande usioonekana, ndiko uvujaji hupenda kujificha. Baada ya hapo suuza bomba, chukua sampuli ya maji. Wa kusema maji yanafaa kunywewa ni maabara, si fundi, hata wakazi wakubembeleze vipi.