Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Mabamba, Ndege wa Mindo

Mimi ni mwongozaji wa watalii huku Ruhija. Mgeni niliyemtembeza msitu wa Bwindi amenialika Ecuador mwezi wa nane, na nitakuwa na siku sita zangu mwenyewe za kutazama ndege. Nianzie wapi? – Mwongozaji, Ruhija

Hongera, ndugu yetu. Ecuador inaizidi Uganda kwa ukubwa kidogo tu, na mstari wa Ikweta unapita kwao kama unavyopita kwetu. Hata hivyo ina aina zaidi ya 1,600 za ndege, wakati sisi tunazo elfu moja na ushee. Siri ni milima ya Andes. Wewe unajua kwamba domopana wa kijani hutafutwa kwenye kinamasi cha Mubwindi, chini ya Ruhija, na kwamba anayemngoja Buhoma, upande mwingine wa Bwindi, anapoteza siku, kwa kuwa Buhoma iko chini mno. Kule hali ni hiyo hiyo, ila imezidishwa mara nyingi: ukishuka mita mia tano tu, nusu ya ndege uliokuwa nao wamebadilika. Kwa hiyo panga safari kwa mita za mwinuko. Kilomita zije baadaye.

Kosa la wengi ni kulala Quito, mji mkuu, na kwenda porini kila siku. Quito iko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Kampala, ambayo ni kama mita 1,200, usiku wa kwanza kichwa kitakugonga na usingizi hautakuja. Isitoshe, Mindo, mji mdogo wenye ndege wengi, iko mwendo wa saa mbili kwa gari, na ukifika jua limeshapanda, ndege wamenyamaza. Ukishuka kwenye ndege nenda moja kwa moja Mindo. Mji huo uko karibu mita 1,250, yaani mwinuko wa Kampala yenyewe, na mwili wako hautashtuka.

Kaa Mindo usiku nne. Asubuhi moja itenge kwa Paz de las Aves, shamba la Ángel Paz, mkulima aliyegundua kwamba ndege waitwao jogoo wa miamba hukusanyika kwenye ardhi yake kucheza. Weka nafasi mapema, na uwe umeshakaa kibandani kabla ya saa kumi na mbili, maana ngoma huanza giza likiwa halijaisha. Madume ni mekundu kama pilipili iliyoiva, mabawa meusi, kishungi kimefunika mdomo wote. Hurukaruka matawini wakikoroma na kupiga kelele, kisha mwanga ukikolea wanatawanyika. Usiondoke hapo. Baadaye Paz huwaita antipita kwa majina na kuwawekea nyungunyungu waliokatwakatwa. Antipita ni ndege wa mviringo, miguu mirefu, mkia kama hana, na porini unaweza kumsikia wiki nzima usimwone. Antipita mkubwa wa kwanza kumzoea alipewa jina la María. Vaa gambuti, njia ni ya utelezi.

Siku nyingine shuka Milpe, chini kidogo ya Mindo, kwa ndege wa joto. Siku ya tano panda bonde la Tandayapa ulale huko, na ya sita malizia Yanacocha, kwenye mbavu za mlima Pichincha, kama mita 3,500. Njia yake kuu ni ya tambarare, lakini tembea polepole na unywe maji. Kolibri ni ndege wadogo wanaonyonya maua; pale mngoje kolibri mdomo-upanga, ndege pekee duniani ambaye mdomo wake unaushinda mwili kwa urefu, mkia ukiutoa. Akitua huuelekeza mdomo juu, la sivyo uzito ungemvuta mbele.

Mwezi wa nane upande huo wa magharibi ni kiangazi, ila ukungu hushuka mchana. Kazi yako ni kuanzia alfajiri hadi saa nne.

Kuhusu karatasi: beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kama hujachanja, fanya hivyo angalau siku kumi kabla ya kusafiri. Tiketi inayopita Marekani inadai viza ya kupita hata kama hutoki uwanjani, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu tiketi hiyo huwa ya bei nafuu. Pesa ya Ecuador ni dola ya Marekani; chukua noti ndogo. Umeme ni volti 120 na plagi ni za pini mbili bapa, kwa hiyo hakikisha chaja yako imeandikwa 100–240.

Ninunue darubini ya 8x42 au 10x42? Muuzaji anasema kumi ni bora kwa kuwa inakuza zaidi. – Msomaji, Jinja

Kwa msitu, chukua 8x42. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, na 42 kwa 10 ni 4.2. Huo ndio upana wa mwanga unaoingia jichoni, na chini ya miti ya Budongo saa kumi na mbili na nusu asubuhi unauhitaji wote. Namba 8 pia huonyesha eneo pana zaidi, basi ndege anayerukaruka humpotezi, na mtetemo wa mkono hauonekani sana. Kumi inafaa ziwani na kwenye mbuga wazi. Kabla ya kulipa, jaribu kutazama kidole cha mguu wako: ikishindwa kukionyesha vizuri, haitakufaa kwa kolibri wala kwa vipepeo.

Tukiwa hapo, onyo kwa wanaokwenda nje. Waongozaji huelekeza ndege kwa uso wa saa: kumi na mbili ni mbele yako, tatu ni kulia. Sisi tukisikia “tatu” tunafikiri saa tatu, na saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa, kushoto! “Kumi na mbili” nayo itakugeuza kabisa nyuma. Fuata namba iliyoandikwa, usahau saa ya Kiswahili kwa muda.

Nikitundika maji ya sukari Entebbe, nitapata kolibri? – Mama Shule, Entebbe

Hapana, mama. Kolibri wanaishi mabara ya Amerika tu. Wetu ni ndege aitwaye chozi. Kolibri huning'inia hewani, chozi hupenda kutua anapokunywa. Huko kipimo ni kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, bila rangi wala asali, na kwenye joto hubadilishwa kila siku mbili kwa sababu huchacha na kuota ukungu. Hapa kwetu panda mti wa ejjirikiti na maua ya kifumufumu, chozi watakuja bila kuitwa.

Sisi ni waendesha mitumbwi kwenye kinamasi cha Mabamba. Je, tumrushie bbulwe (korongo domo-kiatu) samaki kama wanavyowalisha antipita Ecuador, ili watalii wamwone kila siku? – Msomaji, Mpigi

Tunawasihi msifanye hivyo. Antipita hupewa vipande vichache ndani ya eneo lake dogo, kisha hurudi kujitafutia. Bbulwe huwinda kwa kuvizia, peke yake, kwenye kinamasi kipana. Mkimzoesha samaki atafuata mitumbwi, na si kila mtumbwi una mtu mwema: makinda yake huibwa na kuuzwa. Samaki waliokufa nao watawaletea kalooli, korongo wala mizoga, na kinamasi kitafanana na jalala la Kampala.

Mnachoweza kuiga ni nidhamu. Zimeni injini mapema, mwendelee kwa upondo. Msimzunguke, mitumbwi yote ikae upande mmoja, na isimwelekee usoni. Akiacha kutazama maji na kuanza kuwatazama ninyi, mmekaribia mno, rudini nyuma taratibu. Akishambulia kamongo msisogee hata kidogo, kwani sehemu nzuri inafuata: huibuka na fungu zima la majani mdomoni, hutikisa kichwa huku na huku majani yakidondoka, na kingo za mdomo wake humkata samaki kichwa kabla ya kummeza. Ondokeni gatini saa moja kasoro asubuhi, maji yakiwa bado yametulia.