Muulize Bwana Shamba: Mbegu za nchi nzima zikiliwa inakuwaje?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mi nalima mpunga huku Kyela, juzi kijiweni jamaa mmoja kasema eti kuna nchi ilipigana vita mpaka mbegu za mpunga zikaisha, wazungu wakaja kuwarudishia mbegu zao zilezile za mababu. Tukamcheka sana maana mbegu ikishaliwa imeliwa. Tumewekeana kreti ya soda, tuamulie.

JIBU: Marahaba. Mpelekeeni soda zake. Nchi yenyewe ni Kambodia, ila kakosea kidogo, hazikuisha zote na hawakuwa wazungu peke yao. Wapiganaji wa kikomunisti walioitwa Khmer Rouge walishika nchi Aprili 1975 hadi Januari 1979, wakahamisha watu mijini kwa nguvu kwenda kulima, wakataka tani 3 za mpunga kila hekta wakati mkulima wa kule alikuwa anaambulia kama tani moja tu, na amri inatoka juu, pandeni mbegu hii, hawaangalii shamba liko bondeni au mwinuko. Nyie wa Kyela mnaelewa hapo. Kule kuna mpunga unaorefuka kadri mafuriko yanavyopanda, mita kadhaa kabisa, na huo ndo uliotelekezwa. Alafu njaa ilivyobana watu wakapika hadi akiba ya mbegu.

Kilichowaokoa ni kwamba mwaka 1972 na 1973, vita imeshaanza ila haijameza kila kitu, sampuli za mbegu zilichukuliwa zikawekwa kwenye chumba cha baridi, yaani benki ya mbegu, huko IRRI, ile taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino. Mwishoni mwa miaka ya 80 Australia ikatoa hela, mtaalamu wao Harry Nesbitt akaongoza mradi, na aina zaidi ya 700 zikarudi nyumbani. Lakini mbegu ya benki ni kibahasha tu bana, inabidi uizidishe msimu kwa msimu, na nani ataizidisha wakati wataalamu wengi wa nchi ile waliuawa au walikimbia? Kwa hiyo kazi kubwa kwangu mimi naona ni kusomesha vijana wa kulekule wapime udongo, wajaribu mbegu kwenye shamba la mkulima mwenyewe, tena nchi imejaa mabomu ya kutegwa ardhini. Kufika 1995 walikuwa wanajitosheleza kwa mchele. 1999 wakatoa Phka Rumduol, mchele wa kunukia uliochambuliwa kutoka mbegu za kienyeji, umeshabeba tuzo za mchele bora duniani. Sijasema unaushinda wa Kyela, msinipige.

SWALI: Habari mtaalamu. Tulirudi kwetu Masisi, huku Kongo, kisha vita, shirika moja likatupatia mbegu ya maharagi, mzuri kwa macho lakini ilikawia sana, mvua ikakatika. Si ingekuwa bora watupe feza tu?

JIBU: Pole sana ndugu. Swali lako waliwahi kukutana nalo jirani zenu Rwanda 1994. Vita ile ilikuja maharage ya msimu wa pili yakiwa shambani, wataalamu wakaogopa mbegu zimepotea, vituo vya utafiti vya kimataifa vikaanzisha mpango wa Mbegu za Matumaini kuzizidisha. Walipowauliza wakulima wenyewe wakakuta kumbe wengi bado wana maharage yao, au yapo sokoni, aina za mababu hazijapotea, tatizo ni mfuko mtupu. Viazi mviringo ndo vilikuwa shida kweli, maana mbegu ile bora ilitegemea mradi wa serikali na mradi ulishakufa. Kwa hiyo ndio, kwa maharage mara nyingi hela au vocha ya kununua sokoni inasaidia zaidi, na wangeuliza kabla ya kupakia lori.

Wakileta tena uliza inakomaa siku ngapi na ilijaribiwa wapi, panda mistari michache pembeni ya maharage yenu muione. Na kama imepakwa rangi nyekundu au pinki ina dawa hiyo, usipike hata kama njaa ipo.