Nianze na React, Vue au Angular? Jibu la mtu aliyepitia zote tatu

Mkuu, umeuliza hivi: HTML na CSS umemaliza, JavaScript unaielewa "kiasi", kompyuta yako ni ya RAM 4GB, unatumia bando la wiki, na hujui uanze na fremuweki ipi ya JavaScript (msimbo ulioandaliwa tayari wa kujengea kurasa): React, Vue, Angular au hiyo Svelte inayosifiwa kila kona. Mwisho wa mwaka unataka uwe na kazi. Waliotangulia kukujibu, kila mmoja amekutajia anayoipenda yeye. Mimi tatu kati ya hizo zimenilipia kodi ya nyumba kwa nyakati tofauti, na moja ilinifia mikononi.

Hiyo iliyonifia ni AngularJS, ile ya zamani ya Google. Nilianza nayo 2015 kwenye ofisi ndogo ya watu watano, tunatengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS. Sikuichagua, niliikuta mezani. Unaweka ng-model, alama inayounganisha kisanduku na data, kwenye kisanduku cha kiasi cha mkopo, ukibadilisha namba tu, riba na marejesho vinabadilika hapo chini bila wewe kugusa kitu. Mimi niliyetoka kwenye jQuery, maktaba ya zamani ya JavaScript, ambako kila kitu unakisukuma kwa mkono, niliona uchawi. Mwaka mzima nikakesha na $scope, mahali AngularJS inapobeba data ya ukurasa. Septemba 2016 ikatoka Angular 2: $scope hakuna, kontrola hakuna, TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina za data) imeingia. Kilichorithiwa ni jina. Mfumo wetu haukuhamishwa, maana kuuhamisha kulikuwa sawa na kuuandika upya, na mwisho wa 2021 Google wakaacha kabisa kuihudumia AngularJS.

Angular ya sasa haina tatizo hilo, imetulia miaka mingi. Ila inakuja na kila kitu ndani ya boksi: njia za kurasa, fomu, mawasiliano na seva, na utaratibu wake wa kupanga mafaili. Timu kubwa na mifumo ya mabenki wanaipendea hilo. Mtu anayejifunza peke yake usiku anakutana na TypeScript, RxJS (maktaba ya kushughulikia data inayokuja kwa mfululizo) na mambo mengine manne kwa wiki moja, kabla hajaona hata kitufe kikifanya kazi. Kama hakuna ofisi iliyokwambia "njoo, sisi ni Angular", iache kwanza.

Vue ilinijia kupitia Laravel, fremuweki ya PHP, lugha ya upande wa seva. Laravel 5.3 ya 2016 ilikuja na Vue ndani, na nadhani wengi wa watu wa PHP tumeijulia hapo. Evan You, aliyeitengeneza, aliwahi kufanya kazi Google na AngularJS kabla ya kuitoa Vue mwaka 2014, kwa hiyo kwangu ilikuwa kama kuhamia nyumba mpya na kukuta vyombo nilivyovizoea. Na hapa niguse hilo bando lako, kwa sababu watu hawalisemi. Vue unaweza kuipakua kama faili moja la JavaScript, ukaliweka kwenye folda pamoja na index.html yako, ukaliita kwa tagi ya script, ukazima data na kufanya mazoezi wiki nzima. Hakuna npm (chombo cha kupakulia pakeji za JavaScript), hakuna kusubiri. React nayo zamani uliweza kuiita hivyo hivyo, lakini toleo la 19 liliondoa mafaili ya namna hiyo, na JSX yake (kama HTML inayoandikwa ndani ya JavaScript) kwa vyovyote inahitaji kitu cha kuitafsiri kabla brauza haijaielewa.

Nakwambia hili kwa uchungu. Kuna Jumatatu nilimaliza bando la wiki nzima kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa naanzisha mradi wa React kwa create-react-app, chombo cha kuanzishia miradi hiyo, ukagoma, nikafuata ushauri wa mtu wa kufuta kashe ya npm, nikaanza upya, ukagoma tena, nikafuta tena. Kila nikifuta, mamia ya megabaiti yanashuka upya. Jioni nikaomba hotspoti kwa jirani kama mwanafunzi wa kidato cha nne. Kwa hiyo wewe anzisha mradi kwa Vite, ni nyepesi mno ukilinganisha, na miradi ikianza kuwa mingi tumia pnpm badala ya npm, inaweka nakala moja ya kila pakeji kwenye diski na miradi yote inaichota hapo. Hiyo create-react-app yenyewe timu ya React ilishaitangaza Februari 2025 kuwa imepitwa. Ukiona video ya mafunzo inaanza nayo, au imejaa "class" na "extends React.Component" mwanzo mwisho, funga utafute nyingine, hooks, njia ya kuandika React bila class, zipo tangu Februari 2019.

React nilihamia mwaka huo huo wa 2019, na ilinidhalilisha. Nilikuwa na orodha ya madeni ya wateja wa duka. Nikaandika kama nilivyozoea, push ya kuongeza deni kwenye orodha na setMadeni ya kuiambia React:

madeni.push(jipya);
setMadeni(madeni);

Nabonyeza kitufe, kimya. Deni halionekani. Naandika herufi moja kwenye kisanduku cha kutafutia, deni linajitokeza! Nikahisi ni intaneti, nikahisi ni seva, nikahisi kompyuta ina mashetani. Siku mbili. Siku ya tatu dada mmoja aliyeajiriwa baada yangu akapita nyuma ya kiti changu, akatazama sekunde kumi: "Kaka, hiyo orodha si ni ile ile?" Ndilo lilikuwa jibu. React haichunguzi ndani ya orodha yako; inauliza tu kama umeipa kitu kipya au kile cha jana. Ukisukuma deni ndani ya orodha ile ile, kwake hakuna kilichobadilika, haichori tena. Kisanduku cha kutafutia kilipobadilika ndipo ikachora ukurasa upya, na deni likaonekana kwa bahati. Dawa ni kuipa orodha mpya, nukta tatu zikinakili madeni ya zamani ndani yake:

setMadeni([...madeni, jipya]);

Kwenye Vue ule mstari wa push peke yake ungetosha, yenyewe inafuatilia. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli kati ya hizi mbili: Vue inakufuatilia, React inataka wewe utamke. Wengine wanaona utumwa. Mimi baada ya miezi michache niliipenda, kwa sababu kwenye mradi mkubwa najua nani kabadilisha nini. Lakini angalia tena ile dawa. Zile nukta tatu si React. Ni JavaScript ya kawaida, na mimi miaka minne kazini sikuwa nimeielewa vizuri.

Kwa hiyo hiyo "kiasi" yako inanitia wasiwasi kuliko swali lenyewe. Kabla ya kugusa fremuweki yoyote, andika daftari la madeni kwa JavaScript tupu: jina, kiasi, kufuta, jumla juu, na ukifunga brauza ukarudi deni liwepo, tumia localStorage, hifadhi ndogo iliyo ndani ya brauza. Ikifika mahali umechoka kurekebisha jumla sehemu tatu kila deni likifutwa, na moja unaisahau, hapo uko tayari. Nakupa wiki tatu, nne ukiwa na kazi nyingine.

Halafu React. Nasema hivyo kwa sababu umesema kazi, na umeweka mwisho wa mwaka. Fungua matangazo ya kazi ishirini ya mahali unapoweza kwenda kweli, Dar, Arusha, Nairobi au za kufanyia nyumbani, piga mistari kwenye karatasi. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo na mdogo wangu, React iliongoza bila mjadala, Angular ilikaa kwenye mifumo mikubwa, na Vue karibu kila ilipotajwa Laravel ilikuwa pembeni yake. Kama mtaani kwako ofisi zote ni za Laravel na unamjua mtu ndani, geuza, chukua Vue, wala usinisikilize. Mtu wa kupita nyuma ya kiti chako ana thamani kuliko ubora wa fremuweki.

Svelte ni tamu, nimeichezea, unaandika kidogo na inafanya mengi. Matangazo yake ya kazi kwenye karatasi yetu yalikuwa sifuri.

Ukimaliza hilo daftari, weka msimbo wako hapa tuupitie. Uweke kama maandishi tafadhali, ile picha ya skrini uliyoipiga na simu juzi mstari wa tatu wote umefunikwa na mwanga wa taa.